Kukitenga kitengo cha biashara na kampuni mama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila kampuni inapoamua kukiachia kitengo chake kimoja kisimame chenyewe. Yamepewa nambari ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine. Mifano mingi ni ya Afrika Mashariki, kwa sababu hapa kwetu jambo hili limefanyika mara nyingi kuliko watu wanavyokumbuka.

## Misingi

1. Kukitenga kitengo ndiko kukiuza?

Hapana. Unaweza kukitenga bila kukiuza, na unaweza kukiuza kabla hakijatengana kabisa. Hali hii ya pili ndiyo ya kawaida zaidi, na ndiyo yenye maumivu.

Kuna njia ya kumuuzia mtu mwingine. Kuna njia ya kuwagawia wanahisa wa kampuni mama hisa za kampuni mpya, wakabaki na mbili badala ya moja. Na kuna njia ya kukifanya kitengo kampuni tanzu yenye bodi, leseni na vitabu vyake, huku mama akibaki mmiliki. Uganda ilikwenda njia hii ya mwisho baada ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2020: huduma za fedha kwa simu, zilizokuwa idara ndani ya kampuni za simu, zikahamishiwa kwenye kampuni tanzu.

Serikali nazo huvunja mashirika yao kwa sheria. Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, iligawanywa mwaka 1997 zikapatikana NBC (1997) Limited, benki ya NMB na shirika hodhi la kushika yaliyobaki. Kenya ililivunja Shirika la Posta na Simu mwaka 1999, ikazaliwa Telkom Kenya, Shirika la Posta na tume ya kusimamia mawasiliano. Tanzania ilikuwa imefanya hivyo miaka mitano kabla.

2. Kwa nini mama akubali kujikata kiungo kinachoingiza faida?

Faida peke yake haitoshi kumshawishi abaki. Machi 2016 benki ya Barclays ya London ilitangaza kwamba itapunguza hisa zake katika Barclays Africa, kampuni iliyomiliki benki zake za Afrika. Biashara ya Afrika haikuwa mbovu. Tatizo lilikuwa kwamba Barclays ilimiliki asilimia 62.3 tu, lakini kanuni za mtaji za Uingereza ziliifanya ibebe mzigo kana kwamba biashara yote ni yake.

Sababu nyingine ni deni linalohitaji kulipwa, kitengo kilichokua hadi mama hawezi tena kukilisha mtaji, msimamizi wa sekta asiyetaka shughuli mbili chini ya paa moja, au mgongano wa wateja. Ijue sababu yako mapema, kwa sababu ndiyo itakayoamua nani anapewa nini mtakapofika swali la 5. Mama anayetafuta fedha za haraka na mama anayetafuta kuondokana na msimamizi hawachori mpaka mmoja.

3. Inachukua muda gani?

Karatasi za kisheria zinaweza kukamilika ndani ya miezi michache, vibali vikipatikana. Utengano wenyewe huchukua muda mrefu zaidi. Barclays Africa ilijipa miaka mitatu kuanzia Juni 2017 kuhamisha mifumo, mikataba na jina, na ililipwa na Barclays pauni milioni 765 kusaidia gharama hizo. Hiyo ni benki ya nchi nyingi. Kampuni ya kawaida yenye kitengo kimoja, mfumo mmoja wa hesabu na maghala matatu inaweza kumaliza ndani ya mwaka, mradi iwe na mtu ambaye hana kazi nyingine.

4. Nani asimamie?

Si mkuu wa fedha, hata kama ndiye anayezijua hesabu kuliko wote. Yeye ana kufunga mwaka, ana wakaguzi, ana benki. Si mwanasheria wa kampuni pia. Teua mtu mmoja wa muda wote mwenye sauti ya kumwita mkuu wa idara yoyote akaja, na upande wa kitengo uwe na mwenzake. Hawa wawili wakutane kila wiki wakiwa na orodha moja, si mbili.

Jambo ambalo wengi hulikwepa ni hili: tangu tangazo litoke, meneja wa kitengo ana bosi wa leo na bosi wa kesho. Usimlaumu akianza kupigania mali ya kitengo dhidi ya mama, ndiyo kazi yake mpya. Muhimu ni kuwa na mtu juu yao wa kuamua wanapokwama, na aamue ndani ya siku chache.

## Kuchora mpaka

5. Tunajuaje kipi ni chao na kipi ni chetu?

Anza na vinavyoonekana: wateja, mikataba, mashine, magari, majengo, leseni, akaunti za benki, namba za malipo kwa simu, kikoa cha barua pepe. Kila kimoja kipewe hatima moja kati ya nne: kinahama, kinabaki, kinagawanywa, au kinatumika pamoja kwa muda.

Kisha nenda kwenye visivyoonekana, ambako ndiko kitengo huanguka. Kitengo kilichokaa ndani ya kampuni kubwa kwa miaka mingi kinapata vitu ambavyo hakijawahi kuviona kwenye ankara: bima ya kundi, bei ya mafuta iliyopatanwa kwa malori yote ya kampuni, dereva wa utawala anayepeleka nyaraka bandarini, mtu wa uhasibu anayejua afisa gani wa forodha anashughulikia nini, mkopo wa benki uliopatikana kwa sababu ya jina la mama. Njia bora niijuayo ya kuvipata ni kukaa na watu wa chini wa kitengo na kuwauliza swali moja: wiki iliyopita ulimpigia nani simu makao makuu, na kwa jambo gani? Majibu yatajaza orodha ambayo mshauri wa bei mbaya hawezi kukuandikia.

6. Kitengo hakijawahi kuwa na hesabu zake. Mnunuzi ataangalia nini?

Ataangalia hesabu mlizozichonga kutoka kwenye vitabu vya mama, kwa kawaida za miaka miwili au mitatu, na hatoziamini mpaka aone mlivyogawa gharama za pamoja. Kodi ya ofisi hugawanywa kwa mita za mraba, mishahara ya rasilimali watu kwa idadi ya wafanyakazi, mfumo wa kompyuta kwa idadi ya watumiaji. Kosa si kuchagua kigezo kibaya. Kosa ni kubadilisha kigezo mwaka hadi mwaka ili faida ipendeze.

Onyesheni safu mbili: kitengo kilivyokuwa ndani ya mama, na kitakavyokuwa peke yake. Safu ya pili karibu kila mara ni mbaya zaidi, maana kitengo sasa kinanunua bima, ukaguzi, leseni za programu na mhasibu wake. Mwuzaji anayeificha safu hiyo ataikuta kwenye bei.

7. Mali inayotumika na pande zote mbili apewe nani?

Apewe anayeitumia zaidi, na mwingine apewe mkataba wa kuitumia. Kanuni hiyo inatosha kwa maghala, mitambo ya umeme na minara. Haitoshi kwa ardhi. Tanzania mgeni hamiliki ardhi isipokuwa kwa madhumuni ya uwekezaji chini ya utaratibu wa mamlaka ya uwekezaji, na Kenya ardhi ya kilimo inahitaji ridhaa ya bodi ya ardhi kabla ya kuhamishwa. Ikiwa mnunuzi wa kitengo ni kampuni yenye wanahisa wengi wa nje, suala la kiwanja litangulie mengine yote. Mara nyingi suluhisho ni kiwanja kubaki kwa mama na kitengo kupanga.

Mabaki nayo yanahitaji mwenyewe: kesi za zamani, madeni yasiyolipika, nyumba za wafanyakazi ambazo hazina kazi. NBC ilipogawanywa, shirika hodhi lilibaki na yale ambayo hayakwenda kwenye benki hizo mbili. Kampuni binafsi haina shirika hodhi, kwa hiyo andikeni kwa jina kila kesi inabaki kwa nani.

## Huduma za mpito na jina

8. Mkataba wa huduma za mpito ni nini?

Ni makubaliano ambayo mama anaendelea kukihudumia kitengo kwa malipo baada ya kutengana, mpaka kitengo kipate cha kwake. Mishahara, mfumo wa hesabu, barua pepe, ununuzi, ghala. Kila huduma iandikwe peke yake: inafanywa na nani, kwa kiwango gani, kwa bei gani, inaisha tarehe ipi.

Tarehe ya mwisho ndiyo roho ya mkataba. Huduma isiyo na tarehe haiishi, na mama ataikuta miaka mitatu baadaye akiwa bado anachapa hati za mishahara za kampuni isiyokuwa yake, kwa bei ya zamani. Mipango mingi huanza na miezi sita hadi kumi na minane. Weka ruhusa ya kuongeza mara moja tu, kwa bei ya juu.

9. Mama atoze kiasi gani?

Gharama halisi, pengine na nyongeza ndogo, ndiyo desturi ya miezi ya mwanzo. Baadaye bei ipande kwa makusudi. Bei ya chini inampa meneja mpya sababu ya kulala, na bei ya juu tangu siku ya kwanza inaonekana kama ulafi na kuharibu uhusiano ambao bado mnauhitaji. Ikiwa mama bado ana hisa ndani ya kitengo, tazama pia swali la 19, kwa sababu mamlaka ya mapato itauliza bei hizo zilipatikanaje.

10. Tunaweza kuendelea kutumia jina la mama?

Kwa muda, na kwa leseni ya maandishi. Barclays iliruhusu jina lake litumike nje ya Afrika Kusini kwa miaka mitatu. Kampuni ya juu, Barclays Africa, ikabadili jina kuwa Absa Group mwaka 2018, ya Uganda ikafuata Novemba 2019, na za Kenya na Tanzania mwaka 2020. Kwa Watanzania kulikuwa na jambo la ziada: Absa ya Afrika Kusini ilikuwa na hisa nyingi za NBC tangu mwaka 2000, hivyo benki mbili za mmiliki mmoja zilibaki sokoni, moja ikibadili bango na nyingine ikikaa na jina lake.

Jina halipo kwenye bango tu. Lipo kwenye kadi, hundi, mihuri, sare, magari, stakabadhi za mashine ya kodi, mikataba ya wapangaji, na saini za barua pepe. Agizeni mihuri mapema. Inashangaza ni shughuli ngapi za hapa kwetu husimama kwa kukosa muhuri.

## Watu

11. Wafanyakazi wanahama moja kwa moja?

Uingereza na Afrika Kusini, sheria huwahamisha pamoja na biashara, masharti yao yakiwa yaleyale. Kenya na Tanzania hazina sheria ya namna hiyo. Ajira ni mkataba kati ya mfanyakazi na mwajiri fulani, na hauhamishwi bila ridhaa yake. Kwa hiyo kuna njia mbili: makubaliano ya pande tatu ambamo mfanyakazi anakubali kuhamia kwa mwajiri mpya na miaka yake ya kazi ikitambuliwa, au mama kumwachisha kazi kisheria na kampuni mpya kumwajiri upya.

Njia ya pili ina gharama. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka notisi isiyopungua mwezi mmoja, afisa wa kazi ajulishwe, na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Tanzania kuna wajibu wa kutoa taarifa na kushauriana kabla ya kupunguza watu, na kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Sheria ya Tanzania pia inasema anayekataa bila sababu ya msingi kazi mbadala, hata kwa mwajiri mwingine, hapati kiinua mgongo hicho. Msiikimbilie ibara hiyo kama fimbo. Kazi mbadala yenye mshahara mdogo au mkoa mwingine ni vigumu kuiita ya haki.

12. Wafanyakazi huuliza nini hasa?

Huuliza mkopo. Mtu mwenye mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara ana barua ya mwajiri aliyejidhamini kupeleka makato. Mwajiri akibadilika bila benki kukubaliana, makato yanakatika na riba inaendelea. Ongeeni na benki na SACCOS kabla ya kuwapa watu mikataba mipya.

Baada ya hapo huuliza likizo walizolimbikiza, bima ya matibabu ya mzazi au mtoto anayetibiwa sasa hivi, na namba ya mfuko wa pensheni. Swali la maono ya kampuni mpya huulizwa na mkurugenzi mwenyewe.

13. Tuwaambie lini?

Kabla hawajaambiwa na madereva. Orodha ya mali ikianza kuandikwa kiwandani, habari imeshatoka. Kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa inafungwa na kanuni za kutangaza, na hapo wafanyakazi wajulishwe siku ileile ya tangazo, kwa mkutano wa ana kwa ana. Semeni pia ambayo hayajaamuliwa, pamoja na tarehe yatakapoamuliwa.

## Vibali, kodi na wakopeshaji

14. Tunahitaji vibali gani?

Inategemea kama kuna mnunuzi. Udhibiti wa kitengo ukihamia kwa mwingine, mamlaka za ushindani zinahusika. Tanzania, Tume ya Ushindani hupelekewa muungano wa kampuni, ukiwemo ununuzi wa namna hii, ambao mauzo au mali za pande zote zinafikia shilingi bilioni 3.5, kiwango kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Biashara inayovuka mipaka ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo inaweza kuangukia COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, ambako Tanzania si mwanachama tangu 2000, kwa hiyo mkataba mmoja unaweza kuhitaji milango miwili.

Leseni za sekta ni jambo jingine. Leseni ya benki, mawasiliano, nishati, dawa au usafirishaji hupewa kampuni na haifuati mashine. Kampuni mpya iombe ya kwake mapema, maana siku ya kuhama ikifika leseni haijatoka, mtakaa mkisubiri huku mishahara inalipwa.

15. Kodi itakuwaje?

Swali hili lipelekwe kwa mshauri wa kodi kabla ya kuchagua njia, si baada. Kuuza hisa za kampuni na kuuza mali moja moja hakutozwi sawa, na biashara inayouzwa ikiendelea inaweza kutendewa tofauti na mashine zinazouzwa peke yake. Kenya imetoza asilimia 15 kwenye faida ya mtaji tangu Januari 2023, badala ya 5 ya awali. Tanzania ina kanuni inayowashtua wageni: umiliki wa walio nyuma ya kampuni ukibadilika kwa zaidi ya asilimia 50 ukilinganisha na miaka mitatu iliyopita, kampuni huhesabiwa kana kwamba imeuza mali zake, hata kama hakuna kitu kilichoondoka ghalani.

16. Benki ya mama inahusika?

Sana. Mali za kitengo huenda ziliwekwa dhamana ya mkopo wa kundi zima. Haziwezi kuondoka bila benki kuziachia. Upande wa pili, mama anaweza kuwa amesaini dhamana kwa wasambazaji na wapangishaji wa kitengo. Asipoondolewa, ataendelea kudaiwa kwa ajili ya kampuni asiyoiendesha. Fanyeni orodha ya dhamana zote, pande zote mbili, na msifunge mkataba mpaka kila moja iwe na jibu.

17. Taarifa za wateja zinahamishwaje?

Kwa sheria za Kenya ya 2019 na Tanzania ya 2022 za ulinzi wa taarifa binafsi, taarifa hutumika kwa lengo zilizokusanyiwa. Wajulisheni wateja, hamisheni za wateja wa kitengo tu, na msimpe mnunuzi nakala ya hifadhidata nzima wakati bado mnapatana bei.

## Siku ya kwanza na kona ngumu

18. Siku ya kwanza nini lazima kifanye kazi?

Mambo machache: kumtoza mteja na kutoa risiti halali ya kodi, kupokea fedha kwenye akaunti sahihi, kulipa mishahara, kununua malighafi, na kujua nani anasaini. Mengine yote yanaweza kuchechemea wiki moja. Fanyeni jaribio la mzunguko mzima, kutoka oda hadi risiti, kwenye mfumo mpya kabla ya siku yenyewe. Na msichague mwisho wa mwezi.

19. Itakuwaje kama mama anabaki mteja mkubwa wa kitengo?

KenGen na Kenya Power ndio mfano. Uzalishaji wa umeme ulitenganishwa na usambazaji mwaka 1997, lakini Kenya Power ikabaki mnunuzi mkuu wa umeme wa KenGen. Malipo yakichelewa upande mmoja, upande wa pili unakosa pumzi. Mkataba wa kununua ndio kitengo chenyewe katika hali hii: muda wake, bei, adhabu ya kuchelewa, na nani anaamua mgogoro. Mnunuzi wa hisa ausome kabla ya mizania. Na kama mama bado ana hisa, bei iwe ile ambayo wasiohusiana wangepatana, na ushahidi uwekwe kwenye faili.

20. Gharama zilizobaki kwa mama zinakwenda wapi?

Haziendi popote, ndiyo shida. Ghorofa ya makao makuu, leseni za programu zilizonunuliwa kwa watumiaji wote, idara ya uhasibu iliyopimwa kwa kampuni kubwa: vyote vinabaki vikigawanywa na biashara chache zaidi. Fedha za mauzo huzificha mwaka wa kwanza. Mpango wa kuzipunguza uandikwe pamoja na mpango wa kutenga, na uanze kabla mkataba wa swali la 8 haujaisha, maana ankara za huduma za mpito nazo zitakauka siku moja.

21. Kampuni yetu ni ya familia, kitengo ni malori manane ya kaka. Haya yote yanatuhusu?

Yanawahusu, kwa ukubwa mdogo. Fungueni kampuni mpya kwa msajili, iwe na namba yake ya mlipakodi na akaunti yake. Badilisheni kadi za malori, bima na leseni za usafirishaji. Andikeni bei ya malori na yatalipwaje, hata kama ni kwa miaka mitano. Familia nyingi huruka hatua hiyo ya bei kwa heshima, na mgogoro huja kwa wajane na watoto ambao hawakuwepo kwenye mazungumzo.

22. Mauzo yakivunjika katikati?

Hutokea: kibali kinanyimwa, mnunuzi anakosa fedha. Wakati huo kitengo kimeshaanza kuishi peke yake, na kukirudisha ndani ni kazi kuliko kukiacha kilivyo. Ndiyo maana hatua ambazo haziwezi kurudishwa, kama kufunga mfumo wa zamani au kuachisha watu, zisubiri masharti yote ya mkataba yatimie. Hatua zinazokinufaisha kitengo hata kikibaki, kama hesabu zake na orodha ya mikataba, ziendelee.